Filimbi ya Simey Isiyo na Alama

Mama mkwe wangu Julia hakuwa na kitu hata kimoja cha baba yake. Si picha, si kikombe, si kofia. Kwetu sisi Wasafiri, watu wa Ireland tunaoishi kwenye nyumba za magurudumu, mtu akifa karavani yake inachomwa moto pamoja na kila alichokuwa akikishika, ili asirudi kuvitafuta vitu vyake usiku na mchana, na waliobaki wapate kupumua. Baba yake, Simey Mongan, alipokufa, Julia alikuwa msichana tu. Alisimama na wenzake kando ya barabara ya Kilrush akatazama blanketi za baba, viatu vyake, meza yake ya kazi na mikasi yake ya bati ikigeuka kuwa moshi. Fuawe yake, lile chuma zito la kugongea bati, haikuungua, kwa hiyo kaka yake Bernie aliibeba begani akaitumbukiza mtoni.

Julia aliniambia habari hizo siku moja tukianika nguo za watoto.

"Hata uso wake nimeanza kuukosa, mwanangu," alisema. "Nikiutafuta unakuja uso wa Bernie. Na Bernie ana pua ya mama."

Julia alizaliwa ndani ya gari la farasi, mvua ikinyesha, wazazi wake wakiwa njiani kwenda Tuam. Shule aliiona majira ya baridi tu, na alikalishwa nyuma kabisa, karibu na makoti. Alijifunza kuandika jina lake na kuhesabu, basi. Utotoni alizunguka nyumba kwa nyumba na mama yake, wakibeba vikombe na ndoo alizozitengeneza Simey, wakibadilisha kwa viazi, maziwa au nguo kuukuu. Baadaye aliolewa na mwanamume mpole asiyeweza kuiona chupa akaipita. Alizaa, akazika wawili, akalea waliobaki. Miley, mume wangu, ndiye kitinda mimba. Nilipomfahamu Julia kifua chake kilikuwa kimeshachoka, lakini karavani yake iling'aa mpaka ukaona aibu kuingia na viatu.

Baba yake alikuwa fundi bati. Ukilitamka neno hilo kwa mtu wa nyumba, asiye Msafiri, anadhani unamtukana mtu, lakini kwetu lilikuwa sifa. Simey alitumia mkono wa kushoto, na ndoo zake hazikuvuja. Kisha zikaja ndoo za plastiki na hakuna aliyemhitaji tena. Akaona wanamuziki wanatafuta filimbi ndefu, zile nene za sauti ya chini, akajaribu. Alikunja bati kama anayekunja koni, akalehemu mshono, akachonga kizibo cha mti mdomoni. Aliziuza kwenye mnada wa farasi wa Ballinasloe. Alama hakuweka. Kuandika hakujua, na hata angejua, nani angenunua filimbi iliyoandikwa Mongan, jina la Wasafiri?

Basi Jumapili moja tulikuwa kwenye kichochoro nyuma ya baa, mimi na Julia na kigari cha mtoto, tukimsubiri Miley alete gari. Mle ndani Jumapili mchana watu hukaa kwa duara wakipiga muziki. Sisi hatuingii. Hawatufukuzi, wanasema tu kwamba leo ni kwa wateja wa kila siku, na kila siku ni leo. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Fidla zilikuwa zinakimbizana, zikanyamaza, ikabaki filimbi moja nzito inapiga polepole. Sauti yake ya chini kabisa ilikuwa na mkwaruzo, kama mtu aliyeamka sasa hivi na hajanywa chai.

Julia alishika kigari, ingawa mtoto alikuwa ametulia.

"Hiyo ni ya baba," akasema.

"Wimbo?"

"Wimbo ni wa kila mtu. Hiyo filimbi."

Nilidhani ni uzee. Lakini Jumapili iliyofuata alivaa koti lake zuri akaniambia twende tukatembeze mtoto, na matembezi yalikuwa hadi kichochoroni tu. Jumapili nyingine tena. Mwishowe mpigaji akatoka nje kuvuta sigara, na kumbe tulimjua. Alikuwa Fintan Considine, tarishi wetu, yule anayeacha barua getini kwa sababu ya mbwa.

"Bi Julia," alisema. "Leo barua hakuna. Hata Mungu hapeleki barua Jumapili."

"Sikufuata barua. Nimefuata hiyo uliyoweka mfukoni."

Fintan aliitoa kwenye mfuko mrefu wa koti. Ilikuwa ndefu kama mkono wa mtoto wa shule, bati limekuwa jeusi kwa vidole vya miaka mingi.

"Ya mjomba wangu Senan, marehemu," akasema. "Unaipenda? Nimeuliza aliyeitengeneza mpaka ulimi umeniuma. Wanaojua filimbi, mmoja aliniambia ni kazi ya Mwingereza. Mwingine akasema ni ya mtu aliyekuwa anajifunza. Alama haina, ndani wala nje."

"Nishike?"

Akampa. Julia hakuitazama kwanza. Aliinusa, kisha akapitisha kidole kwenye ukingo wa chini.

"Unasikia hapa? Bati limekunjwa juu ya waya. Hivi ndivyo unavyofanya mdomo wa kikombe, usimkate mtoto. Mtu wa filimbi hana haja ya kufanya hivi. Ni mtu wa vikombe."

"Mafundi bati wote walikunja hivyo."

"Walikunja. Lakini angalia mshono unaelekea wapi. Huyu alipiga nyundo kwa mkono wa kushoto. Ni Simey Mongan, baba yangu, Mungu ampumzishe."

Mimi nilikuwa namtazama Julia, maana nilikuwa sijawahi kumsikia akilitaja jina hilo nje ya karavani. Ndipo nikaona kidole gumba chake. Muda wote aliokuwa akieleza, kidole hicho kilikuwa kimefunika sehemu moja ya filimbi karibu na matundu ya chini, na hakikuondoka hata alipoigeuza.

Fintan alivuta sigara yake. Si mtu mbaya. Alitaka kuamini, nilimwona.

"Bi Julia, nikiwaambia watu hivi wataniuliza nani kasema. Nikisema ni binti yake, watacheka, watasema binti atasema nini tena. Hakuna mwingine anayeijua kazi yake?"

"Yuko kaka yangu. Alikaa naye kwenye fuawe tangu meno ya utoto."

"Basi kaka yako akisema ni yake, nakuahidi. Popote nitakapoipiga, akiniuliza mtu nitamwambia Simey Mongan. Na huwa wananiuliza, kila nikiitoa mfukoni. Hawajaona nyingine kama hii."

Tulirudi Julia akiwa anatembea kama msichana. Alimwambia binti yangu Missie, ambaye alikuwa hajui hata kusema maji, "Umesikia? Popote atakapoipiga." Nilimwacha afurahi mpaka tulipofika karibu na geti.

"Mama, mbona ulikuwa unafunika pale?"

"Uliona?"

"Niliona."

"Basi macho yako yameshaona, mdomo wako ulale."

Lakini hakuweza kunyamaza. Siri ilikuwa kubwa kuliko kifua chake. Aliniambia kwamba farasi alimpiga Simey teke akamvunja kidole, na kidole kikapona kikiwa kigumu, hakifiki kwenye tundu lake. Kwa hiyo Simey alijitengenezea filimbi moja ya peke yake. Aliziba tundu kwa lehemu, akatoboa jingine pembeni, mahali kidole kilipoweza kufika. Yule mjuzi aliyesema ni kazi ya mwanafunzi aliona tundu lililozibwa akadhani fundi alikosea.

"Hii siyo moja ya alizouza," Julia akasema. "Hii ni yake mwenyewe. Jioni zote za utoto wangu ni hii."

Nilielewa. Kitu kilichouzwa ni cha aliyekinunua, hakuna anayekigusa. Kitu cha marehemu kinakwenda motoni. Na Bernie alikuwa mtu wa kushika mila kwa meno. Alikuwa amezika wana wawili, mmoja baada ya mwingine, na katika kila matanga alisema maneno yale yale: kuna kitu tulikisahau kwenye moto wa baba. Wenzake walimwambia hakuna. Yeye alisema kipo, ndiyo maana mzee anakuja kugonga.

"Bernie ataambiwa iliuzwa Ballinasloe," Julia akasema. "Macho yake yana ukungu siku hizi. Atashika mshono, atashika ukingo, atasema ni yake, kwisha. Fintan ataondoka nayo. Sitaki hata anipe. Aipige tu na aseme jina."

Ni hilo tu alilolitaka. Nimelea watoto wangu nikiwa karibu naye, na sijamwona akitaka kitu kingine kwa ajili yake mwenyewe.

Bernie alikuja kutoka Tuam Jumamosi, mwanawe akamshusha na kuondoka. Karavani ya Julia ina jiko la gesi na viti vya mto, lakini Bernie alikataa kuingia. Aliwasha moto kwenye pipa nje, akakaa kwenye kreti.

"Karavani yako ina harufu ya sabuni, Julia. Nitapiga chafya mpaka nife."

"Ukifa hapa nitakuchoma na hilo koti. Lilipaswa kuchomwa zamani."

"Koti hili lina adabu kuliko mumeo."

"Mume wangu yuko kaburini, Bernie."

"Ndiyo maana nasema. Hata sasa hajaja kunisalimu."

Walicheka wote wawili, na Julia akakohoa mpaka nikamletea maji. Alikuwa ameoka mkate wa magadi wenye zabibu, akatoa vikombe vyake vya maua ambavyo havitoki kabatini ila Krismasi.

Fintan alifika akitembea kiubavu kwa sababu ya mbwa.

"Hawaumi," nikamwambia.

"Hata mwaka jana ulisema hivyo, Kathleen, na suruali yangu ilibaki hapa."

Aliketi. Bernie alimuuliza habari za ukoo wake, akawataja wazee wa Considine mpaka babu wa babu, na Fintan akafurahi. Kisha akaitoa filimbi ndani ya soksi ya sufu akamwekea mikononi.

Julia aliwahi kusema, "Ni moja ya zile za mnada, Kaka. Za Ballinasloe."

Bernie aliinama juu yake. Mikono yake ni mikubwa, yenye makovu ya bati, lakini aliishika kama anavyoshikwa kifaranga. Alipapasa mshono toka juu hadi chini. Alipapasa ukingo, akaubonyeza kwa ukucha.

"Mkono wa kushoto," akasema. "Na waya huu ni wa uzio. Hakuwahi kununua waya maisha yake. Ni yake."

"Una hakika, mzee?" Fintan akauliza.

"Wewe ungeona mwandiko wa baba yako ungeniuliza kama una hakika?"

Julia alifumba macho. Nilikuwa nimempakata Missie, na nilimwona mama mkwe wangu akipumua hadi chini, jambo ambalo kifua chake kilikuwa kimesahau. Akasimama.

"Basi tumemaliza," akasema. "Fintan, ichukue, utachelewa. Kathleen, mfungie kipande cha mkate."

Laiti angeondoka wakati ule. Lakini mtu aliyepewa zawadi hutaka naye kutoa, na Fintan alikuwa na zawadi yake.

"Ngojeni niwaambie jambo ambalo sikumwambia Bi Julia, nililiweka kwa ajili ya leo," akasema. "Mjomba Senan hakuinunua. Ninyi mlikuwa mmepiga kambi nje ya geti lake, si ndiyo? Baba yenu alikuwa anapelekwa hospitali Limerick. Asubuhi yake alikuja mlangoni akasema, Senan, nishikie hii mpaka nirudi. Mjomba akangoja. Aliposikia mzee amefariki aliichukua akaja kambini kuwarudishia, akakuta majivu tu na ninyi mmeshahama. Aliishika maisha yake yote. Hakuwahi kuiita yake."

Alisema kwa upole, akitabasamu. Alidhani ametupa kitu kizuri, na kilikuwa kizuri. Julia alikuwa bado amesimama na birika mkononi, na chai ilikuwa inamwagika kidogo kidogo kwenye nyasi bila yeye kujua.

Kidole cha Bernie kilianza kutembea. Kilipita tundu la kwanza, la pili, kikateremka, kikasimama. Kikazunguka mahali pamoja, pale palipozibwa kwa lehemu. Kikaenda pembeni, kikakuta tundu la pembeni.

"Julia," akasema.

"Kaka, iache."

"Ulijua?"

Julia aliweka birika chini.

"Wanangu wawili, Julia. Ulikaa kwenye matanga yao ukanywa chai yangu."

"Sikujua ipo, Bernie. Nimeisikia mwaka huu tu. Na Fintan amesema atamtaja baba. Kila akiulizwa atamtaja. Baba atakuwa na jina."

"Baba hana haja ya jina. Ana haja ya kulala."

Bernie aliinuka, akafanya ishara ya msalaba, akasema Mungu amrehemu, akaiweka filimbi ndani ya pipa. Hakuitupa. Aliiweka, kama anayelaza mtoto.

Fintan aliruka. Angetia mkono motoni, ninaamini hivyo, lakini Julia alimshika mkono wa koti akamvuta nyuma kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Mpaka leo sijui alikuwa anauokoa mkono wa tarishi au naye, ilipofikia hapo, aliogopa kuitoa. Sijamuuliza. Yapo maswali ambayo mkwe haulizi.

Lehemu haina subira. Iliyeyuka ikadondoka kama machozi ya mshumaa, mshono ukaachia, na bati likajifungua polepole likawa bapa kama jani. Kizibo cha mti kilishika moto wa bluu. Fintan alipata fimbo, akalivuta lile bati nje, akalitazama upande wa ndani ambao hakuna mtu aliyewahi kuuona tangu siku Simey alipoukunja. Nadhani alitarajia kukuta kitu, hata mkwaruzo wa msumari. Palikuwa na weusi tu.

"Ilikuwa yangu," akasema.

"Ilikuwa ya baba yangu," Bernie akamjibu. "Mjomba wako aliishika, na aliishika vizuri, Mungu amlipe. Wewe ulikuja kuuliza fundi ni nani. Umejua."

"Nimejua, na sina cha kumwonyesha mtu."

"Hayo ya kuonyesha ni ya kwenu."

Fintan aliondoka bila mkate. Mbwa hawakumbwekea hata kidogo. Bernie alilichukua lile bati akalirudisha motoni kwa mguu, akakaa mpaka likawa halifanani na kitu. Julia aliosha vikombe vya maua kimoja kimoja akavirudisha kabatini.

Baadaye, Bernie alipokwisha kuchukuliwa na mwanawe, Julia aliniambia neno moja.

"Alijua anakwenda kufa, Kathleen. Angeweza kuiacha kwa mama. Aliijua mila kuliko sisi. Kwa nini aipeleke kwa mtu wa nyumba?"

"Labda hakutaka ichomwe, Mama."

"Labda. Au labda alidhani atarudi."

Alinitazama kana kwamba mimi ningejua. Missie alikuwa analia, nikaenda kumnyonyesha.

Msimu ule wa baridi mjukuu wa Bernie alikufa kwa ajali ya gari njiani kutoka Galway. Kwenye matanga Bernie alikaa kimya. Hakusema kuna kitu kilisahauliwa, maana hakikuwepo tena. Julia alikaa kando yake akamshika mkono, na hakuna aliyemlaumu mwenzake kwa lolote. Ilikuwa vibaya zaidi hivyo.

Hatupiti tena kwenye kichochoro cha baa. Julia akitaka kwenda dukani tunazunguka kwa kanisa, na sasa kifua chake hakimruhusu kuzunguka, kwa hiyo haendi. Juzi nilikuwa namchana nywele. Nilimuuliza kama anaikumbuka ile sauti ya chini, ile yenye mkwaruzo.

"Nikiitafuta," akasema, "nasikia moto tu."

Fintan bado anatuletea barua. Kwa majuma mengi aliziacha getini bila kusimama. Wiki iliyopita nilimvizia, Missie kiunoni, kwa sababu kulikuwa na jambo lililokuwa likinisumbua.

"Fintan, bado unapiga Jumapili?"

"Napiga. Nimenunua nyingine, ya alumini. Inalia safi."

"Na watu wanakuuliza? Wakikuuliza, unaweza kuwaambia habari za ile. Uliahidi utalitaja jina."

Hakukasirika. Alizima gari kabisa, akanijibu kama mtu anayemweleza mgonjwa.

"Ningelitaja, Kathleen. Haki ya Mungu ningelitaja kila Jumapili. Lakini nani aniulize? Hii mpya ina jina la aliyeitengeneza, limechongwa hapa juu, kila mtu analisoma mwenyewe."

Alinipa barua mbili, zote za Miley, akawasha gari. Nilifunga geti, nikazipeleka ndani.